Kilemba Nilichokivua Mbele ya Jaji

Marahaba, marahaba. Nimewasikia. Na nyie mliokuja na kompyuta mgongoni mkasahau kunisalimia, nimewaona pia, ila leo siwasemi. Mmeniuliza msimamizi wa kampuni anafanya kazi gani, na kwa nini watu wanamgombania mahakamani kama bi harusi. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, Shinyanga, Kahama, Geita, mpaka kule mwaloni Nkome, na nimestaafu nikiwa na meno yangu yote. Nitawaambia. Lakini mimi Mama Kabula sielezi kwa vifungu. Vifungu mnavyo kwenye simu.

Kwanza jina lenyewe lilinitesa. Nikifika kijijini nikajitambulisha, "Mimi ni msimamizi, natoka mahakamani," akina mama wanatua ndoo chini. "Pole, mayu, mama yetu. Kafariki nani?" Maana huku kwetu msimamizi anayejulikana ni wa mirathi. Nawajibu hajafa mtu, ni kampuni inaumwa. Basi wananitazama kama vile mgonjwa ni mimi.

Sikilizeni. Kampuni ikielemewa na madeni, mfilisi anakuja na kisu. Anachinja ng'ombe, anagawa nyama, kila anayedai anapata kipande chake, na zizi linabaki tupu. Msimamizi anakuja na dawa. Mahakama inamkabidhi ng'ombe kwa muda, wadai wote wanaambiwa wangoje nje ya zizi, yeye anajaribu kumsimamisha ng'ombe atoe maziwa tena. Sasa ugomvi unaanzia hapo: nani ashike kamba? Wenye kampuni wanataka mtu wao, benki inataka mtu wake, na kila upande unaandika viapo kuonyesha kwamba mtu wa upande wa pili hafai. Viapo vinajibiwa kwa viapo. Huku ng'ombe kalala, na hakuna hata mmoja anayemletea maji.

Mimi sikuijua kazi hii kwa kusoma. Niliijua kwa kuumbuka. Mara yangu ya kwanza Geita nilikabidhiwa kiwanda kidogo cha kuchenjua dhahabu. Nikafika na amri yangu ya mahakama, nikafunga ofisi, nikabadilisha kufuli za makabati, nikaweka mlinzi getini, nikajiona mjanja kweli. Kumbe dhahabu haikai ofisini! Iko kwenye matangi, imenasa kwenye kaboni, chenga nyeusi hivi kama mkaa uliosagwa. Vijana walikuwa wanaitoa kidogo kidogo kwenye vyombo vyao vya chakula, wanampita mlinzi wangu wakimwambia "kazi njema." Nilipokuja kugundua, matangi yalikuwa na maji na matope tu. Mchimbaji mmoja akaniambia mbele za watu, "Mama, umefunga makaratasi, dhahabu umeiacha wazi." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nkome nako nilisimama mwaloni, pale boti za samaki zinapotia nanga, na hati mkononi, orodha inasema boti kadhaa za kampuni ya samaki, na mwaloni hakuna hata moja. Zote ziko ziwani. Nikataka kuita polisi. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa juani akacheka mpaka akakaa. "Polisi wa nini? Barafu ya samaki ikiisha zitarudi zenyewe." Nikakaa naye. Zikarudi zenyewe.

Aliyenifundisha ni Mzee Salum, Mungu amweke pema. Mhasibu wa Shinyanga mjini, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, kofia yake nyeupe haijawahi kuonekana na doa. Alikuwa akiingia kiwandani hasomi kitu kwanza. Anatembea, anashika mashine aone kama ni ya moto au ya baridi, anaongea na fundi, ndiyo anauliza makaratasi. Na alikuwa na sharti moja ambalo nilimcheka nilipolisikia: "Kampuni ikiwa bado inagombewa mahakamani, usile kwa mtu wake yeyote. Hata maji ya kunywa, beba yako."

Nikamwambia, "Mzee, huku Usukumani ukikataa chakula cha mtu umemtukana."

"Basi watukane," akasema. "Ukishateuliwa utawaomba radhi."

Sasa ndiyo tunafika kwenye kiwanda cha pamba.

Kilikuwa upande wa Didia, jina lake nitaliacha, kiwanda cha kuchambua pamba. Mwenyewe ni Mzee Shija, mtu mrefu, mkali, anayevaa koti hata jua likiwa kali. Alikuwa amekopa benki kununua mashine, misimu miwili mvua ikawa mbaya, deni likamzidi kimo. Akapeleka ombi Mahakama Kuu awekewe msimamizi, na akapendekeza jina langu. Benki ikapinga. Ikamleta mtu wake, Bwana Mushi, mhasibu kutoka Mwanza. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa mpaka unajiona ndani, na pamba nadhani alikuwa ameiona kwenye shati lake tu. Niliamini moyoni kwamba huyu akipewa kiwanda atakiuza kama chuma chakavu, kwa kilo.

Kila anayependekezwa lazima ale kiapo kwamba hana uhusiano na upande wowote. Mimi nikaapa. Niliandika: sina undugu wala maslahi na wakurugenzi wa kampuni hii. Nikasaini. Na kwa damu ilikuwa kweli tupu.

Ila kuna kitu sikukiandika. Nyuma ya kiwanda kile kulikuwa na nyumba ya Bibi Nyamizi, mama yake Mzee Shija. Nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, njia yangu ilipita mlangoni kwake. Mvua ikininyeshea niliingia kwake. Njaa ikinishika niliingia kwake. Alikuwa ananipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, mfuko wa sare unajaa, naitafuna njiani mpaka taya zinauma. Shija mwenyewe sikumjua, alikuwa mkubwa, ameshaondoka nyumbani. Miaka yote ile bibi aliniita binti yake. Nikajiambia kwamba michembe si undugu, na mahakama haina haja ya kujua nilikula nini darasa la nne.

Shauri likaahirishwa mara ya kwanza, benki ilipinga namna karatasi zilivyoandaliwa. Likaahirishwa mara ya pili, wakili wetu, yule wa Mzee Shija, aliumwa. Katikati hapo nikaenda kukikagua kiwanda ili niwe na mpango mkononi. Fundi mkuu, Maduhu, akanionyesha roli. Mashine zile zinavuta pamba kwa roli za ngozi, na ngozi hizo kila kabla ya msimu lazima zikatwe mifereji upya, moja moja, kwa mkono. Zikikaa bure panya wanazila. Maduhu alikuwa hajalipwa siku nyingi na bado alikuwa anakuja kila asubuhi kufukuza panya.

"Nahitaji wiki tatu baada ya msimamizi kuniruhusu, Mama Kabula," akaniambia. "Si siku moja pungufu. Msimu ukifunguliwa roli haziko tayari, wakulima watapeleka pamba Kahama. Na wakishazoea njia ya Kahama, hawarudi hapa. Nawajua, ni ndugu zangu."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, vijana. Si mimi, si Mushi. Kiwanda kile kikikosa msimu mmoja tu, kinakufa, na Maduhu na wenzake wanarudi kulima vipande vya ardhi visivyotosha watoto wao.

Natoka pale, Bibi Nyamizi kasimama mlangoni kwake na ungo. Amezeeka, mgongo umepinda, macho yale yale.

"Mwangaluka, mwanangu. Njoo ule."

Nikakumbuka sharti la Mzee Salum. Nikasimama pale juani, mwanamke mzima, nikamshukuru, "Wabeja, mayu, leo nimeshiba."

Akanitazama. "Tangu lini wewe ukashiba?"

"Ni kazi, mayu. Kesi ikiisha nitakuja nile mpaka uniondoe kwa fimbo."

Hakucheka. Akageuka akaingia ndani na ungo wake. Wiki ya pili yake akafariki.

Nikampigia simu Mzee Salum. Akasema, "Nenda ukazike, urudi. Usikae." Nani kati yenu asingekwenda? Huku kwetu hata mliyekosana naye mnamzika. Nikaenda, nikazika. Lakini miguu ikakataa kurudi. Nilichota maji, nikasonga ugali na wenzangu, nikalala kwenye mkeka na wanawake wa ukoo. Ule ungo nilikuwa nauona kila nikifumba macho. Siku ya kunyoa ilipofika, maana ukoo ule msiba ukimalizika wana wa marehemu wananyolewa, shangazi yao mmoja alikuwa na wembe na beseni. Alishamnyoa Shija, akawanyoa wadogo zake. Akanyoosha kidole kwangu.

"Na wewe. Kaa hapa."

Ningeweza kusema mimi ni mgeni. Ningeweza kusema nina kesi. Nikakaa. Nywele zangu zikaanguka kwenye beseni moja na za Mzee Shija, na nililia kwa sauti, sikuona aibu hata kidogo.

Jumatatu tukawa mahakamani Shinyanga. Nimefunga kilemba cha kitenge, kimekaa vizuri, nikajiambia nywele ni nywele, zitaota. Mzee Shija akaingia na koti lake na kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Akaketi upande wake, mimi upande wangu. Fundi Maduhu alikuwa benchi la nyuma kabisa, kofia ameishika magotini.

Wakili wa benki alikuwa mwanamke, Wakili Zuhura, mwembamba, mtulivu, na macho ya kunguru. Nilimwona akikitazama kichwa cha Shija. Kisha akakitazama kilemba changu. Kisha akarudi kwa Shija.

Akasimama. "Mheshimiwa Jaji, naomba kumuuliza mpendekezwa wa mwombaji maswali machache juu ya kiapo chake."

Akaruhusiwa.

"Mama Kabula, wiki iliyopita ulikuwa wapi?"

"Didia. Msibani."

"Msiba wa nani?"

"Mama yake Mzee Shija."

"Pole sana." Na alimaanisha, nilimwona. "Ulikwenda kama nani?"

Wakili wetu akaruka kama kakanyaga moto. Akapinga! Akasema, Mheshimiwa, huku kwetu kuzika si undugu, hata huyu mwenzangu jirani yake akifiwa anakwenda. Kama kuhudhuria msiba kunamwondolea mtu sifa, basi Shinyanga nzima haina msimamizi, wala wakili. Watu wakacheka. Hata Jaji aliuma midomo. Nikaona tunashinda. Nikanyoosha shingo, nikamtazama Mushi na viatu vyake, nikafurahi, siwafichi.

Ndipo Jaji akasema hoja ni nzito, haiwezi kuamuliwa kwa vicheko. Pande zote zilete viapo vya nyongeza kuhusu uhusiano wa mpendekezwa na familia, kisha hoja za maandishi, na shauri lipangiwe tarehe nyingine. Karani akafungua kalenda. Tarehe waliyoanza kuitaja ilikuwa zaidi ya mwezi mbele, msimu umeshafunguliwa.

Nikageuka nyuma. Maduhu hakuwa akinitazama mimi wala Jaji. Alikuwa anaitazama ile kalenda, na kofia yake alikuwa ameikunja kama kitambaa cha kusafishia grisi.

Vijana, niwaambie ukweli wangu wote. Ningeshinda. Zuhura hakuwa na ushahidi, alikuwa na harufu tu. Tungeleta viapo, tungeleta mashahidi, ningekuja kuteuliwa kwa heshima zote, nikabidhiwe funguo za kiwanda ambacho wakulima wake wameshazoea njia ya Kahama. Na nilijua kitu kimoja ambacho wakili wetu hakukijua, kwamba jibu la lile swali lilikuwa kichwani kwangu, chini ya kitenge.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba nijibu swali. Niliulizwa nilikwenda kama nani."

Wakili wetu akaninong'oneza, "Kaa chini, mama." Thubutu!

Nikakifungua kilemba. Nikakivua, nikakiweka mezani. Feni ya ukumbi ikakipulizia kichwa changu kitupu.

"Nilikwenda kama mtoto wa nyumba ile," nikasema. "Kiapo changu hakina uongo, lakini kina pengo. Marehemu alinilisha nikiwa mdogo. Nilipaswa kuandika, sikuandika, na kosa ni langu peke yangu. Naliondoa jina langu. Ila naiomba mahakama isituahirishe tena. Kama upande wa mwombaji utaafiki, ateuliwe Bwana Mushi, leo. Iandikwe kwenye amri kwamba fundi aanze kukata ngozi za roli kesho asubuhi, na kiwanda kifunguliwe msimu huu. Mimi nitampa kila ninachokijua."

Jaji akakitazama kichwa changu, kisha kile cha Shija. Akasema ningefanya hivyo siku ya kwanza ningeiokolea mahakama muda mwingi. Neno hilo lilikuwa kweli, na lilinichoma. Kisha akatupa saa moja mawakili wakakubaliane.

Ile saa moja, acheni tu. Mzee Shija alinikuta kwenye korido, kichwa chake na changu, wote vipara, watu wanapita wanageuka. "Umeniuza," akasema. "Tumenyolewa beseni moja, na umeniuza kwa benki."

"Sijakuuza, kaka. Unataka mimi, au unataka kiwanda?"

Fundi Maduhu alikuwa amesimama pembeni yetu. Akamwonyesha bosi wake mikono yake miwili, ile mikono iliyojaa makovu ya kisu cha kukatia ngozi. Shija akaingia ndani akasaini. Lakini mimi hakunitazama.

Mushi akateuliwa siku ile ile. Nikatoka nje nikaingia kwenye gari langu nikalia. Nilikuwa nimeitaka ile kazi, jamani, msinione hivi. Nililia nikamaliza, nikapenga kamasi, nikamfuata Mushi.

"Una buti?" nikamuuliza.

"Za nini?"

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi njoo na buti. Na fundi akiwa mkubwa kwako, unaanza na shikamoo ndiyo unauliza funguo."

Nikampeleka mwenyewe. Nikampa lile daftari langu: mashine ipi inagonga ikipata moto, chama kipi cha wakulima kinataka uende kuongea nao wakiwa mnadani na si ofisini, mlango upi wa ghala haufungi vizuri. Niwe mkweli, yule bwana alinishangaza. Alikaa chini na Maduhu kwenye vumbi la ngozi akajifunza kushika kisu. Viatu sikuviona tena. Msimu ulipofunguliwa alinipigia simu, hakusema hata habari za asubuhi, akaielekeza tu simu kwenye mashine. Nikasikia roli zinavuta pamba. Nikaiweka simu mezani, nikaacha ilie hivyo hivyo huku naosha vyombo.

Siku hizi nasikia mnafungua mashauri kwa mtandao, mnasikilizwa kwa video, mnaapa mkiwa sebuleni. Vizuri, mtaokoa nauli. Lakini kiapo ni kile kile. Mkifika pale penye "sina uhusiano wowote," msijiulize kama mna undugu wa damu. Jiulizeni mtu huyu akifiwa nitakaa wapi: kwenye viti vya wageni, au kwenye mkeka. Halafu andikeni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kiliniumbua hasa, mbele ya Jaji na karani na feni.

Mzee Shija hakunisalimia msimu mzima. Nywele zangu zilishaota, nilikuwa nimeshaanza kuzisuka, ndipo jioni moja akasimama mlangoni kwangu na koti lake. Hakuleta maneno mengi, si mtu wa maneno. Alisema mashine bado zinazunguka. Alisema Maduhu anasalimia. Kisha akanipa kifuko cha kitambaa, kimefungwa fundo kwa kamba ya katani.

"Tulipofungua ghala la mayu tulikikuta," akasema. "Alikuwa amewaambia wajukuu wasikiguse. Eti kuna mtu kamwahidi kuja kula kesi ikiisha."

Nikapokea kwa mikono miwili. Ilikuwa michembe, imekauka kama mawe. Tukakaa hapo hapo kizingitini, mimi na kaka yangu, tukaitafuna mpaka taya zikatuuma.